Miaka Yangu Kwenye Rafu ya Mapepo

Nilistaafu mwezi wa tano, na nilidhani Oktoba hii nitaipitisha nikikusanya majani uani kama wastaafu wenzangu. Lakini tangu wiki ya kwanza simu haitulii. Ni Wanjiku, au ni yule Mtanzania mpya wa zamu ya mchana ambaye jina lake bado sijalishika, wananong'ona kutoka kaunta ya maktaba: kuna mzee hapa anataka filamu ya pepo lakini isiwe na damu, na mke wake ana presha, tumpe ipi? Nimejibu hadi chai imepoa mara nyingi. Sasa naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wote mliobaki kwenye meza ya filamu mnakielewa, na kwa sababu meneja hakielewi.

Habari za vyeo na mshahara hamtaziona humu. Vyeo vilikuwa viwili, na mshahara mnaujua.

Nilianza kazi kwenye maktaba yetu nikiwa na miezi saba Marekani. Kule Moshi nilikuwa mwalimu wa jiografia; hapa Minnesota, katika kitongoji cha kaskazini unachokipita ukienda Blaine, nilipewa kigari cha kurudishia vitabu rafuni, chenye gurudumu moja lililopenda kwenda kushoto. Nilikisukuma mwaka mzima bila kusema na mtu zaidi ya "samahani". Kisha ikafika Oktoba, na mama aliyesimamia filamu, Darlene, akahitaji msaidizi wa kupanga meza ya Halloween, ile sikukuu yao ya kutishana mwisho wa mwezi. Wenzangu wote walikuwa na udhuru. Mmoja alisema ana kizunguzungu. Mwingine alisema yeye ni Mlutheri. Mimi pia ni Mlutheri, lakini sikujua kwamba hiyo ni sababu inayokubalika kazini.

Darlene alikuwa mrefu, mwenye nywele nyeupe fupi na sweta lenye picha ya kulungu, na kila Jumatatu alileta keki za kukata alizooka mwenyewe. Ungemwona ungesema huyu anafundisha watoto Jumapili, na kweli alikuwa anafundisha. Siku ile alivuta boksi kutoka chini ya kaunta akasema tuanze na mashetani, kwa sauti ile ile ambayo bwana shamba angetumia kusema tuanze na mbolea. Akanieleza kwamba wauaji wenye visu wanakaa rafu ya juu, mizimu katikati, na mapepo chini karibu na bomba la kupasha joto, kwa kuwa ndiyo yanayoazimwa zaidi, na watu wazima hawapendi kuonekana wakiyafikia. Wakiinama, alisema, wanaweza kujifanya wanafunga kamba za viatu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima kwa taa. Alikuwa na daftari la jalada gumu, na kila filamu aliyoitazama aliiandikia idadi ya taa ambazo mtu wa kawaida ataziacha zikiwaka baada ya kuimaliza. Taa moja ni ya korido. Mbili ni za korido na bafuni. Tatu ni nyumba nzima. Nne maana yake huzimi chochote, unachukua funguo za gari unakwenda kulala kwa dada yako Eden Prairie. Hakuandika kabisa kama filamu ni nzuri. Alisema mteja hajaja kuuliza kama ni nzuri.

Na alikuwa na maswali matatu, ambayo mpaka leo sijaona mengine yanayoyazidi. Kwanza, usimuulize mteja anapenda nini, maana atakudanganya. Muulize ni filamu gani ya mwisho aliyoizima katikati. Pili, nani mwingine atakuwepo nyumbani. Tatu, nyumba ina besimenti? Swali hili la tatu halina maana, kwa sababu huku kila nyumba ina besimenti, chumba cha chini ya ardhi cha kukimbilia kimbunga. Lakini Darlene aliliuliza ili atazame uso. Mtu akitulia, mpe taa tatu. Akitazama pembeni, mpe moja, tena ile yenye mbwa.

Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba usipendekeze usichokitazama. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu kwangu. Kwetu pepo hakuwa burudani. Alikuwa kama jirani mbaya: hukumtaja bila sababu, na ukimtaja ulishusha sauti. Sasa natakiwa nimpeleke nyumbani mwenyewe, ndani ya mfuko wa maktaba, na nimrudishe kwa wakati. Nikaamua nitakuwa natazama Jumamosi saa nne asubuhi, mapazia wazi, nikipiga pasi. Mume wangu, Baba Upendo, alikubali kwa masharti: kasha lisilale ndani. Kwa hiyo mapepo yote yalilala gereji, juu ya ndoo ya chumvi ya kuyeyushia barafu, na Januari baridi ilipozidi nililazimika kuyaweka kwanza karibu na jiko yapate joto ndipo yacheze. Baba Upendo alisema hawezi kutazama upuuzi. Alikaa jikoni. Ila kila nilipofika mahali pa hatari nilisikia kiti chake kikisogea kuelekea mlangoni, na siku moja filamu ilipoisha aliniuliza, akisoma gazeti, kama yule mtoto alipona.

Mashati yake mawili yaliungua katika mwaka ule wa kwanza. Moja alilivaa hadi lilipochanika, na wageni wakiuliza ile alama ya pasi mgongoni, alisema ni kazi ya shetani.

Baada ya filamu kama arobaini hofu ilipungua, na mahali pake pakaingia maswali. Nilianza kuona kwamba pepo wa Kimarekani ana subira ya ajabu. Anangoja familia inunue nyumba, ihamishe fanicha, mtoto azoee shule, ndipo aanze kugonga ukuta. Na familia yenyewe haimwambii mtu. Mlango unajifunga wenyewe, damu inatoka bombani, mama anapiga simu kwa fundi bomba. Inapita saa nzima kabla mtu hajasema neno pepo, na akilisema wenzake wanamshauri apumzike. Kwetu dakika ya tano tu shangazi watatu wangekuwa wamefika na mizigo, mmoja anaomba, mmoja anapika, mmoja anauliza nyumba hii mlinunua kwa nani. Filamu ingeisha kabla bisi hazijaiva. Niliwahi kumwambia Darlene hayo. Alifikiri kidogo, akasema ndiyo maana huwezi kutengeneza filamu kama hizi kwenye nchi yenye shangazi.

Makosa nimefanya. Mwaka wa pili alikuja mzee mpole aliyewahi kuendesha basi la shule, akaniambia anataka kitu cha Halloween chenye kashetani kadogo, atazame na wajukuu. Yeye alimaanisha katuni. Mimi, Kiingereza changu kikiwa bado cha darasani, nilitafuta filamu yenye shetani mfupi. Nilimpa moja ambayo Darlene alikuwa ameiandikia taa tatu na nusu. Aliirudisha Jumatatu, akaiweka kaunta taratibu, akasema ilikuwa tofauti. Nikamshukuru. Nilifurahi hata nikamwambia Darlene kwamba mzee ameipenda sana, amesema ni tofauti. Darlene alivua miwani. Akanieleza kwamba mtu wa Minnesota akisema kitu ni tofauti, amekutukana kadiri malezi yake yanavyomruhusu. Tulimtafuta mzee tukamwomba radhi. Alisema hakuna tabu kabisa, ila mjukuu wa miaka sita amekataa kutumia choo cha chini, na choo cha juu ni kimoja, na watu ni tisa. Tangu siku ile mtu akitaja wajukuu nauliza umri kabla hajamaliza sentensi, nanyi mfanye hivyo.

Vifaa havikuwa vingi. Mashine ya kusugua diski, ile inayolia kama blenda yenye mawe, nitawaomba msiiache ipate vumbi. Kitambaa laini. Na tabia moja ambayo ni kifaa kuliko vyote: mteja akirudisha kasha, lifungue mbele yake. Kila kasha, kila mteja, hata awe nani. Nusu ya ugomvi wa maktaba ni makasha yaliyorudi matupu.

Darlene alistaafu akaniachia meza na daftari, na miaka ikaenda. Diski zikaanza kupungua duniani, watu wakahamia kutazama kwenye mtandao, lakini kila Oktoba walirudi kwetu, kwa sababu kule kwenye mtandao hakuna mtu wa kukuuliza nani mwingine atakuwepo nyumbani. Walikuja hata kutoka Maple Grove, ambako wana maktaba yao kubwa mpya, wakaniuliza yule mama wa mapepo yuko zamu gani. Jina hilo lilinifurahisha kazini. Kanisani sikulitaja. Kanisani nilisema nafanya kazi na vitabu.

Hapo ndipo lilipo kosa langu katika habari hii ya mwisho, iliyotokea Oktoba iliyopita, na Mchungaji mwenyewe amenipa ruhusa kuiandika. Ibada yetu ya Kiswahili hufanyika mchana katika kanisa tunalopangishwa na Wamarekani. Sisi Watanzania ni wachache, Wakenya wapo, na wengi ni familia za Wakongomani waliopitia kambi za wakimbizi. Mchungaji wetu, Byamungu, ni mtu wa Uvira huko Kongo, mpana wa mabega, mwenye sauti ambayo haihitaji kipaza sauti lakini anakitumia. Mimi niliimba kwaya ya akina mama miaka kumi na mmoja, sauti ya pili.

Wiki ya kwanza ya Oktoba binti yake, Espérance, wa miaka kumi na saba, aliazima filamu kwetu kwenda kutazama na wenzake wa shule. Ilikuwa ya taa tatu: binti mmoja wa mashambani anaanza kusema kwa sauti ya bibi yake aliyekufa, na mama yake anakataa kumwacha. Kesho yake mlango ulifunguka nikamwona Mchungaji, kasha mkononi amelishika kwa pembe kama samaki aliyeoza. Alitembea hadi kwenye meza ya Halloween. Nyuma ya meza nilikuwa nimesimama mimi, sauti ya pili, nimevaa kibandiko kifuani kilichoandikwa niulize kuhusu mapepo.

Alikisoma mara mbili. Tukasalimiana kwa Bwana asifiwe, kwa sababu hakuna salamu nyingine tuliyoizoea. Akaniuliza kama hivi ndivyo vitabu nilivyokuwa nikisema. Nikamjibu kwamba vitabu pia vipo. Alisema hakuja kugombana, ila rafu hii iondolewe. Nikampa fomu ya malalamiko, maana ndiyo sheria, nikamweleza kwamba kamati hukutana baada ya miezi miwili. Aliihesabu miezi hiyo kwa vidole, akaona Halloween itakuwa imepita. Akatazama rafu. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mama, kadi moja inaweza kubeba ngapi?"

Ningeweza kujifanya sijasikia. Lakini sisi hatufichi sheria za maktaba kwa mtu yeyote. Nikamwambia, filamu ishirini. Akatoa kadi yake, akatoa ya mkewe, akatoa za watoto watano. Nilimpigia muhuri mapepo yote, pamoja na lile alilokuja nalo. Nilimsaidia hata kuyabeba hadi kwenye gari lake, na alinibariki, na akaondoka akiendesha polepole kama aliyebeba mayai.

Nilijua anachofanya. Alikuwa anayafunga. Baadaye aliniambia aliyaweka gereji ndani ya sanduku la bati, na juu ya sanduku akaweka Biblia. Nilifikiria Baba Upendo na ndoo yake ya chumvi, nikaona wanaume hawa wangeelewana.

Jambo ambalo Mchungaji hakulijua ni jinsi maktaba inavyohesabu. Kitu kisipoazimwa kinaondolewa. Kitu kikiazimwa sana kinaongezwa. Wateja walikuta rafu tupu, wakajiandikisha kwenye foleni kwa kompyuta, na foleni ikarefuka. Meneja wetu, Kyle, kijana mwema anayependa chati, alikuja mbio na karatasi: hajawahi kuona rafu yoyote ikisafishwa namna hii siku moja. Akaagiza nakala mbili zaidi za kila filamu, na kumi mpya ambazo hatukuwa nazo. Akanipongeza. Aliniuliza siri yangu ni nini, nikamwambia ni maombi.

Jumapili ile Mchungaji alihubiri kuhusu milango. Hakunitaja jina. Alisema tu kwamba yuko mama miongoni mwetu anayefanya kazi mahali ambapo mapepo yanaazimwa kwa wiki tatu, na tumwombee. Katika kanisa letu mama mwenye kazi ya maktaba ni mmoja. Vichwa viligeuka taratibu, safu kwa safu. Baba Upendo, ambaye nilikaa naye kwaya ilipomaliza kuimba, alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya hadharani tangu harusi.

Siku mbili baadaye alinipigia mwenyekiti wa akina mama. Nitamwita Mama Furaha. Nimembadilisha jina, na kitongoji, na rangi ya gari. Alisema kamati imeona nipumzike kwaya kidogo, mpaka mambo yatulie, kwa sababu sare ni nyeupe na watu wanasema. Nilimuuliza watu gani. Akasema, watu. Akaongeza kwa upole kwamba wangependa kujua ni nani hasa anayechukua vitu hivyo, labda ni Wamarekani tu, maana kama kuna mtu wa kanisani ni vizuri afahamike.

Wadogo zangu, hapa ndipo nataka msome polepole. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa na kadi saba. Ningelisema, kwaya ingekuwa yangu tena kabla ya chakula cha jioni, na Mchungaji angepata kazi ya kujieleza. Lakini siku niliyopewa ufunguo wa kaunta nilitia saini kwamba anachoazima mtu ni siri yake. Hakukuwa na nyongeza kwamba isipokuwa akikuchongea mimbarini. Nikamwambia Mama Furaha sijui. Nikakunja sare nikaiweka kabatini, na nililia kidogo, si sana, halafu nikaenda zamu.

Jumapili mbili nilikaa viti vya nyuma na watoto wachanga. Kwaya iliimba bila sauti ya pili ya kutosha. Najua si uungwana, lakini niliona wamepwaya, na nilifurahi.

Kwa kuwa watu walikuwa kwenye foleni, kompyuta haikumruhusu Mchungaji kuongeza muda. Wiki ya tatu ikaisha siku chache kabla ya Halloween, naye akaleta sanduku lake la bati. Ni mtu wa kufuata sheria, hilo nampa. Nikaanza kufungua makasha mbele yake, moja moja, kama mlivyoniona nikifanya maisha yangu yote. Alisimama wima, mikono nyuma, akisema hayajaguswa hata moja. Nilipofika kasha la kumi na nne, lile la binti wa mashambani, ndani hamkuwa na kitu.

Tulilitazama wote wawili.

"Labda ni batoto," alisema, kwa Kiswahili cha kwao Uvira.

Nikasema labda. Niliandika kwenye kompyuta kwamba diski haijarudi, nikaendelea na kasha la kumi na tano. Sikuinua macho. Darlene alinifundisha kwamba mteja mwenye aibu umpe kitu cha kutazama, na mimi nilimpa utosi wangu.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mlangoni kabla hatujafungua. Diski ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Aliomba tuongee. Meza zote zilikuwa za wanafunzi, nafasi ikabaki kona ya watoto tu, kwa hiyo tulikaa kwenye viti vile vidogo vya rangi, magoti yake yakiwa karibu na masikio. Alisema aliyeanza ni mkewe. Mama Espérance alitaka kumjua adui, akaichukua moja sandukuni mchana akaitazama. Mchungaji aliporudi akamkuta, akakaa pembeni amkemee. Alikaa mpaka mwisho.

Kisha akasahau kwamba amekuja kutubu, akaanza kulalamika. Yule padri wa kwenye filamu, aliniambia, hajui kazi. "Anaingia mu chumba peke yake, Mama. Peke yake. Bale ba kumusaidia kuomba biko wapi? Bashangazi ba ule mutoto biko wapi?" Nilimwambia nimekuwa nikiuliza hivyo hivyo kwa miaka mingi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya fundi aliyeona ukuta umejengwa upogo.

Baadaye aligeuza kitabu cha nyimbo mikononi, akaniambia jambo ambalo alisema hata mkewe amelijua wiki hiyo tu. Akiwa mwinjilisti kijana huko Uvira, waliletewa msichana mdogo aliyekuwa akitetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Wakasema ni pepo. Yeye akasimamia maombi siku tatu, na akakataza mtoto asipewe chakula. Mama wa mtoto alisihi, akatolewa nje akaambiwa imani yake ndogo. Siku ya tatu mama yule aliingia kwa nguvu, akamsukuma mwinjilisti, akambeba mwanawe mgongoni hadi zahanati. Ilikuwa malaria imepanda kichwani. Mtoto alipona. Mwinjilisti akasifiwa, kwa kuwa watu waliamini maombi yalifika kabla ya sindano, naye hakuwasahihisha.

"Ule mama wa mu filamu, bote banamwambia atoke, anakataa kutoka," alisema. "Nililia, Mama. Ule mama alikuwa na akili kunipita mie."

Nilisogeza kiti changu karibu na chake, kisha nikamwambia mambo mawili ambayo aliyahitaji. La kwanza, nilimpeleka nyuma ya kaunta nikamwonyesha kigari cha filamu mpya alizoagiza Kyle, mapepo juu ya mapepo, plastiki bado inang'aa. Nikamweleza jinsi tunavyohesabu. Alikitazama kigari, akanigeukia.

"Ni mie?"

"Ni wewe, Mchungaji."

Alicheka mpaka wanafunzi wakatugeukia, akajifuta macho kwa leso. La pili lilikuwa la kwaya. Nilidhani analijua. Hakulijua; kamati haikumwambia, na yeye alifikiri nakaa nyuma kwa sababu ya mgongo. Uso wake ulibadilika. Aliuliza kama Mama Furaha alitaka kujua waazimaji ni nani, nikasema ndiyo. Aliuliza nilimjibu nini. Nikamwambia nilijibu sijui. Hakunishukuru wala hakuomba radhi pale. Aliondoka, kisha akarudi kutoka mlangoni, akainama karibu na rafu ya chini kama anayefunga kiatu, akauliza kama kuna nyingine ambayo mama anashinda. Nilimpa moja ya taa mbili.

Jumapili alipanda mimbarini bila kuifungua Biblia. Alisema wiki tatu zilizopita aliwaambia wamwombee mama mmoja, na leo anataka kuwaambia ni nani aliyekuwa akiyachukua yale mapepo. Akasema ni yeye, kwa kadi saba. Akasimulia habari za sanduku la bati, za Biblia juu yake, na za kigari kipya, na hapo watu walianza kujizuia kucheka na wakashindwa. Halafu akawasimulia filamu iliyomliza na habari za Uvira, na hakuna aliyecheka. Wamama wawili wa Kikongomani walisimama, wakabaki wamesimama mpaka alipomaliza. Mwisho akasema kwamba mimi nilijua yote tangu siku ya kwanza na nilinyamaza, na kwamba yeye hangeweza. Akaniomba radhi kwa jina langu kamili, akanitaka nirudi kwenye nafasi yangu. Nilitembea kutoka viti vya watoto wachanga hadi mbele bila sare, nimevaa sweta langu la kazini. Waliniachia nafasi. Tuliimba. Sauti ya pili ilikuwepo.

Jumanne, siku yenyewe ya Halloween, maktaba ilikuwa na watoto waliovaa kama maboga. Saa sita mchana aliingia mwanamke mwenye miwani ya jua na skafu hadi puani, akapita mbele ya kaunta mara mbili, akachukua kitabu cha upishi akakirudisha. Mara ya tatu akaja karibu. Nilimtambua kwa viatu, lakini nilimsalimia kama ninavyomsalimia mteja yeyote. Mama Furaha aliniambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba amepita tu, alikuwa na shughuli maeneo haya, na kwa kuwa amepita, ile aliyoililia Mchungaji ipo?

Nikaangalia kwenye kompyuta. Nakala zote zilikuwa nje, pamoja na zile za Kyle. Tangu Jumapili mchana watu kumi na mmoja walikuwa wamejiandikisha, na majina yao siwezi kuwatajia, ila mengi nilijua yanaimba sauti gani. Nikamwambia atakuwa wa kumi na mbili.

Akainama zaidi akaniuliza kama, kwa kuwa tunafahamiana, hakuna namna.

Namna ipo. Nanyi mnaijua, ni ile alama ndogo pembeni ya skrini, inayotuwezesha kumpandisha mtu juu ya foleni kama kuna sababu maalumu. Nilivaa miwani. Nikaitafuta sababu maalumu kwa makini, kwa moyo wote, kama nilivyofundishwa kumhudumia kila mteja. Sikuiona.